Mlango wa Pili: Niliyojifunza Tukihama Anwani za Intaneti

Mama mmoja mwenye duka la vitenge Mtaa wa Congo, Kariakoo, alinipigia simu akiwa Guangzhou. Kila mwaka huenda huko mara mbili au tatu kufuata mzigo, na duka humwachia kijana wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Fundi aliyenifungia kamera aliniambia nitaliona duka langu popote nilipo. Sasa mbona nabonyeza, kiduara kinazunguka tu?"

Nilikuwa ofisini kwetu Mikocheni. Kazi yangu ni kusimamia mtandao wa kampuni ndogo inayouza intaneti kwa dishi za juu ya paa na kwa faiba, na jibu la swali lake nilikuwa nalo. Kamera zilikuwa nzima, na intaneti ya dukani nayo ilikuwa nzima. Mashine yake ya kurekodia ilikuwa ya zamani, isiyo na huduma ya kupitia seva za mtengenezaji, hivyo ilitaka ifuatwe pale ilipo. Lakini duka halikuwa na anwani yake lenyewe. Lilikuwa limekaa nyuma ya anwani moja pamoja na wateja wengine 63, na mtu akipiga hodi kutoka nje, mtambo wetu haujui anamtaka nani kati ya hao 64.

Nilimwambia, "Mama, nipe muda." Muda wenyewe ukaja kuwa mwaka mzima na zaidi.

Kwa wasiofanya kazi hii, nieleze kidogo. Anwani za IPv4 ziliandikiwa kanuni zake mwaka 1981. Kila moja ina biti 32, kwa hiyo jumla yake ni kama bilioni 4.3, na hapo dunia nzima ndiyo imefika kikomo. Tarehe 3 Februari 2011 ghala kuu la IANA liligawa mafungu matano ya mwisho kwa mashirika ya mabara. Shirika letu Waafrika, AFRINIC, lenye makao yake Mauritius, lilibaki na akiba kwa muda mrefu kuliko wenzake, lakini tangu Januari 2020 halimpi mwombaji zaidi ya anwani 1,024 kwa mara moja. Sisi hizo 1,024 ndizo tulizokuwa nazo. Ukitoa za seva, za viungo vya minara na za kampuni zilizolipia anwani za kudumu, zilizobaki zilikuwa chache kiasi kwamba faili la kuzigawa nililifungua kama mtu anayechungulia pipa la unga mwisho wa mwezi.

Wateja wa majumbani tuliwabana kwenye NAT, ile tafsiri ya anwani ambapo wengi hutoka nje kwa jina la mmoja. Anwani moja ina namba za poti 64,512 zinazofaa kugawiwa, ambazo mtambo huzitumia kutofautisha mazungumzo ya mteja mmoja na ya mwingine. Wagawie watu 64, kila mmoja anapata 1,008. Zinaonekana nyingi mpaka ukutane na nyumba ya Sinza yenye wapangaji watano wanaochangia laini moja, kila mmoja na simu mbili, televisheni ya sebuleni inacheza filamu na watoto wanacheza gemu. Poti zikiisha, ukurasa unafunguka nusu. Tulikuwa na hosteli ya wanafunzi ambao kila wakitafuta kitu Google walitakiwa kwanza kuthibitisha kuwa wao ni binadamu, kwa sababu kwa Google walionekana mtu mmoja anayeuliza maswali elfu. Siku moja ikaja barua ya kisheria ikiuliza nani alikuwa akitumia anwani fulani saa fulani. Haikutaja namba ya poti. Watu 64 walikuwa kwenye anwani ile dakika ile, na wote 64 walikuwa wateja wema kwangu. Nilikaa na barua ile muda mrefu. Mtu asiye na anwani yake anaweza kubeba tuhuma ya jirani asiyemjua, na mimi ndiye niliyempanga huko.

Anwani za IPv6, yaani toleo la sita lililotungwa kuchukua nafasi ya IPv4, toleo la nne, tulikuwa nazo siku zote. Kampuni ilipojiunga na AFRINIC ilipewa fungu la /32 (namba baada ya mkwaju ikiwa ndogo, fungu ni kubwa), na fungu lenyewe likakaa miaka bila kuguswa. Hebu sikia ukubwa wake: ndani ya /32 moja mna mafungu 16,777,216 ya saizi ya /56, na kila /56 inatosha kumpa mteja mitandao 256 ndani ya nyumba yake. Tulikuwa tunagombania vijiko huku nyuma ya nyumba kuna kisima.

Kosa la kwanza nililifanya kwenye karatasi, kabla sijagusa ruta yoyote. Miaka ya njaa hujenga tabia, nami nikapanga anwani za toleo la sita kwa ubahili uleule: kila mteja mtandao mmoja tu, /64, basi. Nikaona ni nyingi mno, maana /64 moja peke yake ina anwani nyingi kuliko intaneti yote ya zamani. Baada ya majuma kadhaa mteja mwenye kliniki akataka kutenganisha kompyuta za wagonjwa na Wi-Fi ya wageni. Haikuwezekana, kwa sababu kifaa kinachojipangia anwani chenyewe kinategemea /64 kamili, ukiikata unaharibu. Ikabidi nivunje mpango wote na kuanza upya, na wateja wachache waliokwisha kuwashwa wakabadilishiwa anwani zao. Tangu hapo huwa nahesabu mitandao, anwani sizihesabu kabisa.

Mpango wa pili niliupanga kwa kufuata postikodi. Mwaka 2022, kabla ya sensa, nchi nzima iliingia kwenye operesheni ya anwani za makazi, nyumba zikapigwa namba, mitaa ikawekewa vibao. Sisi wa Dar tulikuwa tumezoea kuelekezana kwa "shuka kituoni, uliza kwa mangi, geti jeusi lenye mwarobaini". Postikodi yetu ina tarakimu tano na inasomeka kutoka kwenye kanda hadi kwenye kata. Ukiijua kidogo, namba yenyewe inakuambia uko wapi. Nami nikafanya hivyo. Tarakimu ya kwanza baada ya fungu letu ni wilaya: 1 Ilala, 2 Kinondoni, 3 Temeke, 4 Ubungo, 5 Kigamboni. Ya pili ni mnara. Nne zinazofuata ni mteja, nafasi 65,536 kwa kila mnara, maana tarakimu za anwani hizi ni kumi na sita, 0 hadi 9 kisha a hadi f. Fundi wa zamu ya usiku akiona anwani yenye 23 mahali pake, anajua ni Kinondoni, mnara wa tatu, bila kufungua faili lolote. Watu huzilalamikia anwani hizi kuwa ndefu na hazishikiki kichwani, na ukizitawanya ovyo kweli hazishikiki.

Kabla ya kuwasha kwa wateja tuliwasha kwetu wenyewe. Hapa nilipata somo la kwanza kutoka kwenye waya. Niliweka kompyuta ya kusikiliza trafiki ya ofisi kabla sijawasha chochote, na toleo la sita lilikuwa limekwisha kuingia. Laptopu zilikuwa zinaitana kwa anwani za fe80, zile ambazo kifaa hujipa chenyewe kwa mazungumzo ya ndani tu, printa inajitangaza, simu zinauliza kama kuna ruta. Windows huja na IPv6 imewashwa tangu Vista ya mwaka 2007, na simu nazo ni vivyo hivyo. Kwa hiyo aliyedhani mtandao wake hauna IPv6 kwa sababu hajaiwasha, anao mtandao wa pili ambao hausimamii.

Jumatatu tuliyowasha, dada wa mahesabu alishindwa kuingia kwenye mfumo wa ankara. Nenosiri sahihi, mfumo unamtupa nje. Wengine walikuwa wanaingia, wengine hawaingii. Alikuwa na malipo ya mafundi wa faiba ya kuidhinisha, na mafundi wenyewe wamekaa kwenye benchi nje wakisubiri. Nilipofungua kumbukumbu za mfumo nikakuta hifadhidata inalalamika kuhusu safu moja: ile inayoandika kila aliyeingia ametokea anwani gani. Aliyeijenga aliiwekea herufi 15. Hesabu 255.255.255.255 pamoja na nukta zake, utapata 15 kamili. Anwani ya toleo la sita ikiandikwa yote ina herufi 39. Mfumo ulishindwa kuandika mahali alipotoka, ukaona heri umkatalie. Kompyuta zilizoingia ni zile ambazo zilikuwa bado hazijapata anwani mpya.

Tulipanua safu ile kwa dakika tano, mafundi wakalipwa. Kisha nikakaa siku mbili nikitafuta kila mahali tulipowahi kuandika, kusoma au kulinganisha anwani. Ziko nyingi kuliko unavyodhani. Kuna ripoti iliyokuwa ikiikata anwani kwenye nukta, ikakuta hakuna nukta. Kuna orodha ya anwani zinazoruhusiwa kwenye seva ya nakala rudufu. Iliyonifundisha zaidi ni kinga ya tovuti ya wateja: ukikosea nenosiri mara tano, anwani yako inafungiwa. Kwa toleo la nne kinga ile ilikuwa na maana. Kwa toleo la sita kifaa hujibadilishia anwani za muda chenyewe kwa ajili ya faragha, na mtu mbaya ana anwani zisizohesabika ndani ya /64 yake moja, hivyo ukifunga anwani moja hujafunga kitu. Tukabadilisha, sasa tunaifungia /64 nzima.

Baada ya ofisi tukaingia kwa wateja wa Mikocheni na Sinza, kama nyumba 40 za majaribio. Lalamiko la kwanza lilikuwa la ajabu: YouTube ni nzuri kuliko jana, lakini mfumo wa kampuni moja iliyoko Posta, kilomita chache tu kutoka kwetu, umekuwa mzito. Nikapima njia. Pakiti ilikuwa inatoka Mikocheni, inashuka baharini kwenye kebo, inafika London, inageuka na kurudi Dar es Salaam hadi Posta. Safari ya milisekunde mbili au tatu imekuwa zaidi ya 200.

Sababu ilikuwa rahisi, na kwangu ilikuwa aibu ya kweli. Hapa mjini tuna sehemu ya kubadilishana trafiki ya ndani, Tanzania Internet Exchange, ambapo watoa huduma hukutana ili barua ya jirani kwa jirani isipitie Ulaya. Mkataba wa njia za toleo la nne tulikuwa nao pale kwa miaka. Wa toleo la sita ni mkataba mwingine, unawashwa peke yake, na mimi nilikuwa nimeuwasha kwa yule tunayenunua kwake njia ya nje tu. Nikawapigia wenzangu wa kampuni nyingine mmoja mmoja. "Kaka, upande wa sita mmewasha?" Baadhi yao waliwasha siku ileile, mmoja akaniambia anao lakini hajawahi kupata mtu wa kuongea naye.

Hapo ndipo nilipoanza kuliona jambo ambalo baadaye liligeuka kuwa msimamo wangu. Kuendesha matoleo yote mawili pamoja ni kuwa na nyumba yenye milango miwili. Kufuli, komeo, taa ya nje, mlinzi, kila ulichouwekea mlango wa mbele miaka hii yote, mlango wa pili hauna hata kimoja mpaka ukauwekee kwa mkono wako. Tena uliyoyaweka mlango wa mbele mengine umeyasahau, kwa sababu yamefanya kazi kimya muda mrefu.

Lililotugharimu zaidi lilikuwa la namna hiyo. Mwalimu mstaafu wa Sinza alipiga simu akasema ujumbe wa maandishi unafika, picha za wajukuu hazifunguki. Tovuti nyingine zinafunguka vizuri, nyingine zinaanza kisha zinaganda. Tukamwambia azime ruta na kuiwasha tena. Siku ya pili wakawa wateja sita, wote wa faiba, wa dishi hakuna. Siku ya tatu kijana wa huduma kwa wateja akaniambia wanane wametaka kuhama.

Usiku wa tatu nilikuwa juu ya paa la mwalimu, nimekaa kwenye kivuli cha tenki la maji kukwepa taa ya jirani iliyokuwa inaniumiza macho, laptopu mapajani, kebo imeshuka dirishani hadi kwenye ruta ya sebuleni. Upande wa pili, ofisini, mwenzangu alikuwa ameingia kwenye seva tuliyokodi Ulaya. Tulikuwa tunaongea kwa simu. Yeye anarusha ping, pakiti za kujaribia njia, kuja kwangu kutoka nje, kila moja kubwa kuliko iliyotangulia, na mimi natazama kama imefika.

"Elfu moja na mia nne."

"Imefika."

"Mia nne arobaini."

"Imefika."

"Arobaini na nne."

"Imefika."

"Arobaini na tano."

Kimya. Akarudia. Kimya. Baiti 1,444 inapita, 1,445 inapotea, na hakuna aliyetuma taarifa kuwa imekwama.

Nilijua namba ile inatoka wapi nikiwa bado nimekaa palepale. Wateja wetu wa faiba huingia kwa PPPoE, namna ya mteja kujitambulisha kwetu kabla ya kupata intaneti, ambayo hula baiti nane, na pakiti kubwa kabisa inayopita ni ya 1,492. Toa 40 za kichwa cha IPv6 na 8 za kichwa cha ping, unabaki na 1,444. Kwenye toleo la nne, ruta ya katikati inaweza kuikata pakiti kubwa vipande ikaendelea. Toleo la sita halina ruhusa hiyo. Ruta ikikuta pakiti haipiti, inaitupa na kumtumia aliyeituma ujumbe wa ICMP, lugha ya mitambo kupeana taarifa za njia, kwamba ni kubwa mno, apunguze. Ujumbe huo ndio uhai wa mfumo mzima. Nasi kwenye ruta yetu ya mpakani tulikuwa na kanuni ya zamani, niliyoinakili kutoka toleo la nne neno kwa neno: ruhusu ping, zuia ICMP nyingine zote, kuingia na kutoka. Seva za nje zilikuwa zinatuma picha za wajukuu kwa pakiti kubwa, zinatupwa kwetu, na hazikuambiwa. Zinarudia, zinatupwa.

Kwa nini simu na laptopu hazikurudi zenyewe kwenye toleo la nne? Vifaa vya siku hizi hujaribu njia zote mbili na kuchukua inayojibu mapema; la sita likichelewa kama robo sekunde, linajaribiwa la nne. Lakini mashindano hayo huishia kwenye kupeana mikono tu, yaani salamu za kufungua mawasiliano, na pakiti za kupeana mikono ni ndogo. Mkono unapeanwa vizuri, IPv6 inashinda, halafu mzigo wenyewe unakwama mlangoni.

Na kwa nini toleo la nne halikuwahi kulalamika kwenye faiba ileile yenye baiti 1,492? Nililala na swali hilo. Asubuhi nikafungua usanidi wa mtambo wa PPPoE na kukuta mstari mmoja ulioandikwa miaka iliyopita na mtu aliyekwisha kuondoka kazini, unaopunguza ukubwa wa vipande vya TCP, utaratibu unaobeba kurasa na picha, kuwa 1,452 wakati wa kupeana mikono. Ulikuwa kwa toleo la nne pekee. Mstari ule ulikuwa umetubeba miaka yote bila hata mmoja wetu kuujua. Tukaandika mwenzake wa toleo la sita, 1,432 kwa sababu kichwa chake ni kirefu zaidi, tukaruhusu ujumbe wa ICMP unaohitajika, na kabla ya saa sita mchana mwalimu alinitumia picha ya mjukuu wake amevaa sare ya shule.

Anayenisoma na anafanya kazi hii nchini kwetu, naomba sana: usizuie ICMP yote kwenye toleo la sita kwa kudhani ni usalama. Waraka RFC 4890 umekuwepo tangu 2007, umeeleza ipi iachwe na ipi izuiwe. Nilikuwa nimeusoma jina tu.

Usiku ule wa paani kulikuwa na kitu kingine ambacho sikukisoma. Ping za mwenzangu zilikuwa zinatoka Ulaya na kuingia hadi kwenye laptopu iliyo ndani ya nyumba ya mteja bila kuulizwa na yeyote. Nilifurahi kwamba zinafika.

Tulipowasha Kariakoo, mama wa vitenge alikuwa miongoni mwa wa kwanza, nilitaka iwe hivyo. Mashine yake ya kurekodia ilikuwa na mahali pa kuwasha IPv6, ikawashwa, ikapata anwani yake, na nikamwandikia kwenye karatasi. Wiki hiyohiyo mwenzangu yuleyule akaniita kwenye meza yake, uso umebadilika. Alikuwa ameiandika anwani ile kwenye kivinjari kutoka seva ya Ulaya, akapata ukurasa wa kuingia, akaweka jina na neno la siri vilivyochapwa kwenye kijitabu cha mtengenezaji. Mbele yetu palikuwa na duka. Marobota, kaunta, droo ya pesa, kijana amelalia mikono mchana wa joto. Tungeweza kuwa watu wowote, popote.

Miaka yote watu wamekuwa wakisema NAT ndiyo ulinzi, nami nilikuwa nabishana nao. Bado nabishana, ila sasa kwa uangalifu. Kilichokuwa kinamlinda mama yule ni kwamba mtambo ulikataa kila mgeni ambaye hakuitwa kutoka ndani. Fayawoli ya kawaida, yaani kinga ya kuchuja trafiki, inafanya hivyohivyo bila kumficha mtu nyuma ya wenzake 63. Lakini lazima iwepo. Ruta za bei nafuu tulizowafungia wateja zilikuwa na fayawoli ya toleo la nne imewashwa tangu kiwandani, ya toleo la sita imezimwa, na hatukuangalia.

Hatukuzima IPv6. Bosi aliuliza kama tuizime, nikamwomba siku moja. Tulikesha tukisoma orodha za vifaa kwenye ruta za wateja, tukakuta mashine za kurekodia, printa, hata mashine ya alama za vidole ya mahudhurio ya ofisi moja, vyote viko wazi. Tukatuma kanuni kwenye kila ruta: kinachotoka kitoke na majibu yake yarudi, kinachoingia bila kuitwa kikataliwe. Tukajaribu moja moja kutoka nje kabla ya kuhesabu imekwisha. Asubuhi nikaenda mwenyewe Mtaa wa Congo. Nilimweleza mama kila kitu, pamoja na kwamba tuliliona duka lake. Alinitazama kwa muda. "Na wewe ndiye uliyenifungulia?" Nikasema ndiyo mama, nisamehe. Tukabadilisha neno la siri, akaliandika yeye, sikulitazama. Kamera zikapewa mtandao wao peke yake, mbali na Wi-Fi ya dukani, na njia ya kuziingia ikaachwa moja tu, iliyofungwa kwa usimbaji.

Leo karibu nusu ya trafiki ya majumbani kwetu inapita toleo la sita, kwa sababu YouTube, Facebook na WhatsApp zote ziko huko. Mtambo wa NAT umepumua, hosteli haiulizwi tena kama ni binadamu. Tuna chumba kimoja ofisini chenye toleo la sita tupu, ambapo vya zamani hufikiwa kwa NAT64, tafsiri ya toleo la sita kwenda la nne, na hapo tunajaribu programu kabla wateja hawajakutana nazo. Zinazoanguka mara nyingi ni zile ambazo mtengenezaji aliandika anwani ya tarakimu ndani ya programu badala ya jina. Kama unaandika programu hapa nyumbani, andika jina.

Aprili mama alisafiri tena, kwenye maonyesho ya Canton. Alinunua laini ya kule, simu ikapata anwani ya toleo la sita, na siku tatu sikusikia kitu. Siku ya nne simu iliniamsha saa kumi na moja alfajiri. Kwake ilikuwa saa nne asubuhi. Nje mvua ya masika ilikuwa inapiga bati tangu usiku.

"Mwanangu, nimempigia kijana hapokei. Wewe uko karibu na simu ya jirani yake, yule wa vyombo? Maji yanaingia mlango wa nyuma. Nayaona, yamefika kwenye marobota."

Jirani alipokea mlio wa tatu. Walipofungua, marobota manne ya chini yalikuwa yameanza kulowa upande mmoja. Mengine waliyapandisha kaunta, mama akiwaelekeza kwenye simu lipi lianze.